Vita vya Dakika Tatu Katika Mwalo wa Kahendero

Kijiji cha Kahendero kimekaa ukingoni mwa Ziwa George, katika Wilaya ya Kasese, kikipakana na nyika ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ni kijiji cha wavuvi. Jua likichwa mitumbwi huingia ziwani, na viboko nao hutoka ziwani kwenda malishoni. Alfajiri hubadilishana zamu, mitumbwi ikirejea na ngege, kambale na kamongo, huku korongo wenye vipara wakisubiri matumbo ya samaki kama watumishi wanaosubiri mshahara. Mchana mwalo hupoa. Wazee hushona nyavu au hukaa kwenye ubao wa mweso, na vijana huinamia simu zao kivulini.

Hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipomkuta konstebo mmoja kijana, aliye likizoni nyumbani kwao, akiwa amekabidhiwa jeshi zima kwa mara ya kwanza maishani mwake. Jina lake na kituo chake hatuvitaji, kwa sababu itakayodhihirika huko mbele. Jeshi lenyewe lilikuwa ndani ya simu, na aliyemkabidhi ni mdogo wake, mwanafunzi wa sekondari, ambaye alikuwa amechoka kumsikia kaka yake akisema kwamba michezo ya simu ni kazi ya watoto wasio na kazi.

Mchezo huo unaitwa Clash of Clans, yaani mapambano ya koo. Ulitengenezwa na kampuni ya Supercell ya mjini Helsinki, nchini Finland, ukatolewa mwaka 2012 kwa simu za Apple na mwaka 2013 kwa simu za Android, ambazo ndizo zilizojaa mikononi mwa watu wetu. Hauchezeki bila intaneti, kwa kuwa adui si mashine tu: aghalabu ni kijiji kilichojengwa na mtu mwingine, ambaye huenda yuko Jakarta, Cairo au mtaa wa pili. Kila mchezaji hupewa kiwanja, jumba kuu, mafundi wa kujenga, migodi ya dhahabu na matangi ya maji ya uchawi yenye rangi ya zambarau. Kwa mali hiyo hujenga mizinga, minara na kuta, na hutayarisha wapiganaji wa kuvamia vijiji vya wenzake.

AMRI ISIYORUDI

Konstebo wetu alianza kwa dharau, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyepitia chuo cha mafunzo na kushika bunduki ya kweli. Mdogo wake alimwonyesha kijiji cha adui. Kabla ya shambulio, mshambuliaji hupewa sekunde 30 za kukitazama kijiji kutoka juu. Shambulio lenyewe halizidi dakika tatu. Akiharibu nusu ya majengo hupata nyota moja, akibomoa jumba kuu hupata nyingine, na asipobakiza jengo lolote hutimiza nyota tatu.

Alikuwa na wapiganaji 20, wengi wao wakiwa watu wa panga wenye masharubu ya manjano. Aliwamwaga wote mahali pamoja, upande uliokuwa karibu na kidole chake. Wale watu walikimbia kwa ujasiri mkubwa hadi kwenye kibanda cha fundi, wakaanza kukipiga mapanga, huku mzinga uliokuwa hatua chache kutoka hapo ukiwalaza mmoja mmoja.

"Rudini! Mzinga! Piganeni na mzinga!" alisema, akigonga kioo.

"Kaka, hawasikii," mdogo wake alimwambia. "Ukishawaachia, basi."

Na kwa hakika hivyo ndivyo mchezo ulivyotungwa. Mpiganaji akishawekwa uwanjani hapokei amri nyingine. Huenda kwa tabia yake. Mtu wa panga na mpiga mishale hushambulia jengo lolote lililo karibu nao; majitu hayajali kingine ila silaha za ulinzi; wezi wadogo wa kijani hukimbilia mali; wabeba baruti huenda ukutani, wakalipuka pamoja na ukuta. Kamanda huchagua nani aende, kutoka upande gani, na kwa mfuatano gani, kisha hubaki mtazamaji.

Konstebo aliona jambo hilo kuwa la kipuuzi. Lakini alipoanza shambulio la pili alikaa kimya kwa sekunde zote 30. Alihesabu mizinga, ilikuwa miwili. Alitanguliza majitu mawili ili mizinga iyapige yenyewe, akangoja, kisha ndipo akawaingiza watu wa panga nyuma yao, na wapiga mishale akawaacha nje ya mzunguko wa mizinga. Alipata nyota mbili. Hakusema neno. Mdogo wake alitabasamu, na sisi tuliokuwa nyuma yao tulielewa kwamba likizo ya afande imekwisha.

Askari yeyote aliyewahi kutoka doria usiku atafahamu kilichomtuliza. Katika shughuli ya kweli redio hukatika, kelele huzima sauti, giza huwatenganisha watu, na kila mmoja hufanya lile alilozoea kulifanya. Kamanda anayetegemea kurekebisha mambo baada ya risasi ya kwanza hutegemea bahati. Mchezo huu umelifanya tatizo hilo kuwa sheria: hakuna marekebisho. Kazi yote hufanyika kabla ya kidole kugusa kioo, na inampasa mtu kujua tabia ya kila aina ya mpiganaji wake kuliko anavyojua idadi yao.

UBAO WA MWESO

Hatua kumi kutoka hapo wazee wawili walikuwa kwenye mweso, na mmoja wao alikuwa akisikiliza kila neno. Mwishowe aliita: "Mwanangu, njoo hapa. Hayo unayofundishwa huko tulifundishwa na baba zetu bila betri."

Wasomaji wetu wa pwani wanao ubao wa bao, na wengi wamecheza mweso kambini. Lakini inafaa kueleza kwa ajili ya wasioujua. Ubao wa mweso una safu 4 za mashimo 8 kila moja, jumla mashimo 32. Kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake na kete 32. Aghalabu kete hizo ni mbegu ngumu za mti. Mchezaji huzoa kete za shimo moja na kuzipanda moja moja kuzunguka upande wake. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari haijaisha: huzoa tena na kuendelea. Ikiangukia shimo lenye kete katika safu ya ndani, na mashimo yote mawili ya adui yanayolikabili yakiwa na kete, huziteka zote na kuzipanda upande wake, akianzia pale mzunguko ule ulipoanzia. Mkono husimama tu pale kete ya mwisho inapoangukia shimo tupu. Anayekosa shimo lenye kete mbili au zaidi hana la kusogeza, naye ameshindwa. Iko na njia ya haraka zaidi ya kumaliza vita: kuteka miisho yote miwili ya ubao wa adui katika zamu moja, jambo ambalo Waganda huliita kukata vichwa viwili.

Mzee alitaka konstebo aone mambo mawili. La kwanza ni kwamba kabla ya mchezo kuanza, kila mtu huweza kuzipanga kete zake 32 apendavyo: arundike zote nyuma, azisambaze mbele, au aache shimo wazi kama mtego. Huo ndio upangaji wa jeshi. La pili ni kwamba mkono ukishaanza kupanda hauna hiari. Hufuata sheria kutoka shimo hadi shimo, pengine mizunguko mitatu au minne, na mjinga hushangaa mahali ulipofikia, ilhali mjuzi alikwisha kuhesabu kabla ya kuzoa kete ya kwanza. Konstebo alitazama simu, akatazama ubao, akacheka.

Tuongeze la tatu, ambalo mzee hakulitaja lakini litawapendeza wanajeshi. Katika mweso kurudi nyuma kunaruhusiwa, ila kutoka mashimo manne tu ya mwisho wa kushoto, na kwa sharti kwamba kurudi huko kuwe kwa kuteka. Ni kanuni ya mafungo ambayo haijaandikwa vizuri zaidi katika vitabu vingi vya vyuo vya kijeshi.

Waungwana wa Ulaya nao walifikia mambo haya kwa njia yao. Mwaka 1824 luteni mmoja wa jeshi la Prussia, von Reisswitz, aliuwasilisha kwa wakuu wake mchezo wa vita juu ya ramani, akiboresha kazi iliyoanzishwa na baba yake mwaka 1812. Pande mbili zilikaa mbali, kila moja ikiandika amri, na mwamuzi aliyekaa katikati ndiye aliyesogeza vipande vya kikosi, kupiga dadu kuamua hasara, na kumwambia kila kamanda kile tu ambacho kamanda huyo angeweza kukiona. Mchezo ukaenea katika jeshi lile, na baadaye majeshi mengine yakaiga.

Ukiupima mchezo wa simu kwa kipimo cha luteni huyo, kasoro yake hujitokeza mara moja. Katika simu adui yuko wazi. Vitu vichache tu ndivyo vilivyofichwa. Mizinga, minara na kuta huonekana zote kutoka juu, kana kwamba kila konstebo amepewa ndege ya upelelezi. Hakuna kutafuta habari, wala kuuliza mwananchi njia, wala kushuku kwamba aliyekuelekeza amekudanganya. Tena wapiganaji waliokufa hupatikana upya bila gharama ya maana. Askari aliyeuawa ndani ya simu hana mjane. Mtu anayejizoeza hapo tu atajifunza kupanga vizuri, na papo hapo atajifunza kupoteza watu kwa moyo mwepesi.

KIJIJI KISICHO NA MLINZI

Siku chache baadaye konstebo aliamka akakuta kijiji chake kimevamiwa usiku. Hapa ndipo, kwa maoni yetu, mchezo huu unapomfaa zaidi mtu wa ulinzi. Mwenye kijiji hana mkono katika vita vya kukilinda; hawezi kugeuza mzinga wala kuita akiba. Kijiji hujipigania chenyewe, kwa namna kilivyopangwa, huku mwenyewe amelala au yuko ziwani. Lakini baada ya vita mchezo humpa kitu ambacho makamanda wachache hukipata: picha kamili ya shambulio, tangu mpiganaji wa kwanza wa adui alipotua hadi jengo la mwisho lilipoanguka, ili alitazame mara nyingi apendavyo.

Alilitazama mara nne. Aliona kwamba mzinga wake alikuwa ameuweka pembeni kabisa, mahali pazuri kwa macho, na kwamba adui aliuzunguka tu akaingia upande wa pili. Matangi yake ya mali yalikuwa nje ya ukuta. Ukuta wenyewe ulizunguka kila kitu kama ua wa ng'ombe, hivyo ulipobomolewa mahali pamoja ulikuwa umebomolewa wote. Alikaa na mdogo wake hadi jioni wakipanga upya: jumba kuu na matangi katikati, mizinga nyuma ya kuta na kila mmoja ukiweza kumlinda mwenzake, kuta zikigawanya kijiji katika vyumba, na majengo yasiyo na thamani yakiachwa nje ili yampotezee adui muda. Dakika tatu ni chache. Kila sekunde inayotumika kuvunja kibanda ni sekunde iliyookolewa.

Tulimsikia akimwambia mdogo wake kwamba ua wa kituo fulani anachokijua umejengwa kwa mtindo wa ule ukuta wa kwanza. Hatukumwuliza ni kituo gani.

MTU ASIYEMJUA

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tufiche jina lake.

Mchezaji hujiunga na ukoo wenye watu hadi 50, na ukoo una uwanja wake wa maongezi. Konstebo alijiunga na ukoo ambao hakumjua hata mtu mmoja ndani yake. Walimkaribisha vizuri, wakampa wapiganaji wa msaada, wakamshauri juu ya kuta zake. Jioni ya pili mmoja wao akamwuliza, kwa Kiingereza cha kukatakata, anaishi nchi gani na anafanya kazi gani. Ni swali la kawaida. Watu waliopigana bega kwa bega, hata kama ni kwa katuni, hutaka kujuana.

Askari wa Kasese hana budi kulipima swali kama hilo kwa mizani nyingine. Wilaya hii inapakana na Kongo. Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia eneo la Mpondwe na Bwera. Juni 2023 waasi hao waliingia usiku katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, huko huko Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wanafunzi. Baina ya matukio hayo mawili na hata baada yake, habari ya nani yuko zamu, wapi, na lini anabadilishwa, imekuwa na bei yake.

Wala hatuzungumzi juu ya hatari ya kubuni. Novemba 2017 kampuni ya Strava, inayopima mwendo wa wakimbiaji kwa simu na saa, ilitoa ramani ya njia za wateja wake duniani kote. Januari 2018 ikabainika kwamba mistari ya mazoezi ya askari ilikuwa imechora kambi za kijeshi katika nchi kama Syria na Afghanistan, ambako karibu hakuna mtu mwingine aliyekimbia akiwa na saa ya namna hiyo. Julai 2021 mchezaji mmoja wa mchezo wa vifaru uitwao War Thunder, akibishana kwamba kifaru cha Uingereza aina ya Challenger 2 hakikuigwa sawasawa, alitoa hadharani kurasa za kitabu cha siri cha kifaru hicho. Miezi michache baadaye mwingine akafanya vivyo hivyo kwa kifaru cha Ufaransa, Leclerc. Hawa hawakununuliwa na mtu. Walitaka kushinda ubishi.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Jack Teixeira, kijana wa kikosi cha anga cha akiba cha Massachusetts, Marekani, aliyekamatwa Aprili 2023. Alikuwa akitoa nyaraka za siri za nchi yake katika kikundi kidogo cha marafiki wa michezo ya kompyuta, waliokuwa wakiongea kupitia Discord. Novemba 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Hata yeye alikuwa miongoni mwa watu aliowahesabu kuwa wenzake.

Konstebo wetu, akiwa amekwisha kuandika herufi tatu za kwanza za neno "polisi", alisimamisha kidole. Alizifuta. Akaandika kwamba yeye ni mvuvi.

Kuanzia hapo ukoo mzima ulimwita Mvuvi, na mtu mmoja asiyejulikana aliko alimwuliza kila jioni amepata samaki wangapi. Konstebo, ambaye amezaliwa Kahendero na hahitaji kudanganya juu ya samaki, alimjibu kwa uaminifu kadiri mitumbwi ilivyoleta. Pia alifunga ruhusa ya simu kutoa mahali alipo, na simu ya kazi akaamua kutoiweka mchezo wowote. Hatua hizo mbili hazihitaji fundi. Kila mwenye simu anaweza kuzichukua leo kabla ya gwaride la jioni.

Kuhusu gharama tuseme machache. Mchezo haununuliwi, lakini huuza vito vya kuharakisha ujenzi, na jengo likifikia daraja za juu huchukua siku kadhaa kukamilika. Hapo ndipo mshahara wa mtu mwenye papara hupotelea. Intaneti nayo haipatikani bure. Kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Konstebo alijiwekea kiasi cha wiki na akakikabidhi kwa mdogo wake akitunze. Mdogo wake, tunavyosikia, hukitunza kwa kukitumia.

Vita vya ukoo dhidi ya ukoo huchukua karibu siku mbili: saa 23 za matayarisho na saa 24 za mapigano, kila mpiganaji akiwa na mashambulio mawili. Wiki tatu baada ya kujiunga, konstebo alipangwa kwa mara ya kwanza katika vita hivyo. Likizo ilikuwa imekwisha. Siku hizo mbili alikuwa kazini mahali ambapo simu binafsi huachwa sandukuni, na aliporudi alikuta ukoo umeshindwa kwa nyota chache, mashambulio yake mawili hayakutumika, na yeye amefukuzwa. Kiongozi alimwachia ujumbe wa sentensi moja: Mvuvi hakuja vitani.